Viti Vitatu vya Asesa

Wasifu wake wa mazishi niliuchapa mimi. Ulikuwa kurasa nne, picha kwenye jalada, na orodha ndefu ya watoto na wajukuu. Ulisema marehemu alikuwa mkulima hodari, mshirika mwaminifu wa kanisa, na kwamba aliitumikia serikali kama asesa wa Mahakama Kuu. Basi, mstari mmoja. Nilipoufikia nilisimamisha vidole, nikautazama, kisha nikaendelea, maana kazi yangu ni kuchapa na wanawe walikuwa mlangoni wakitazama saa. Haya ninayoandika sasa si ya kusomwa kaburini.

Sisi wa Ngoingwa tulimwita Asesa. Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la nyumbani, lakini hata mkewe akimtuma mtu kumwita alisema, niitie Asesa. Kwa asiyejua, zamani mtu akishtakiwa kwa mauaji, jaji hakusikiliza peke yake. Alikaa na wazee watatu, raia wa kawaida tu, wakasikiliza kesi toka mwanzo, na kabla ya hukumu jaji akamwuliza kila mmoja anaonaje. Hao ndio maasesa. Sheria iliwaondoa miaka mingi iliyopita, na siku hizi jaji hukata kesi mwenyewe. Asesa wetu alikuwa amekaa katika kesi tatu, na miaka yote iliyofuata aliishi kama mtu anayengoja kuitwa kwa ya nne.

Kuchaguliwa kwenyewe kulikuwa kwa bahati, na hakuficha. Chifu alitaka mtu anayejua kusoma, asiyelewa, na mwenye koti la heshima. Wa kusoma walikuwepo, wasiolewa walikuwepo wachache, lakini aliyekuwa na hayo yote pamoja na koti alikuwa yeye. Koti lile la rangi ya udongo nimelijua tangu niolewe mtaa ule. Viwiko vilikuwa vimetiwa viraka vya ngozi, na mfuko wa ndani ulikuwa na kalamu isiyoandika.

Kwenye veranda yake kulikuwa na viti vitatu vya plastiki vilivyopangwa mstari mmoja, vikitazama lango. Ukienda kumsalimia hukukaribishwa kwenye vile. Uliletewa stuli. Viti vilikuwa vya kesi. Majirani wakigombana, mbuzi akila sukuma wiki ya mtu, mpangaji akimwaga maji machafu kwa mwenzake, Asesa alivaa koti, akamwita Mzee Juma, muuza viungo wa sokoni Thika aliyeishi nyumba ya tatu, akamtafuta na mtu mwingine yeyote aliyekuwa na nafasi, wakakaa watatu. Mzee Juma alikuja akilalamika kwamba ameacha duka wazi, na hakuna siku aliyokosa kuja.

Mimi niliwahi kuitwa kuwa wa tatu. Kesi ilikuwa ya kuku. Jirani mmoja alidai jogoo wake ameonekana kwa mwenzake akiwa amekatwa mkia ili asitambulike. Nilikaa pale kitini nikijizuia kucheka, lakini Asesa hakuwa akicheka. Alisikiliza kwa saa nzima bila kumkatiza mtu. Hakutazama nyuso, alitazama mikono, kwa sababu alisema uso wa mtu umezoea kutazamwa na mikono haijazoea. Walipomaliza, alinigeukia mimi kwanza.

"Mama Ciku, wewe ndio mdogo. Mdogo ndio huanza. Unaonaje?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake kubwa. Mdogo huanza, ili asije akaogopa kumpinga mkubwa. Nilisema ninavyoona, Mzee Juma akasema anavyoona, yeye akamalizia. Nakiri kwamba nilirudi nyumbani siku ile nikijiona mtu. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro, na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo kisha akanyamaza angoje jibu.

Lakini mkewe alikuwa na maneno yake. Alikuwa mama mnene, mcheshi, na ulimi wake haukuwa na breki. Siku moja tukichambua mboga pamoja aliniambia kwamba mumewe aliuza ng'ombe wa maziwa, akaoza mabinti wawili, akakata miti yote ya kule chini karibu na mto Chania, na katika hayo yote yeye hakuulizwa anaonaje hata mara moja. Alicheka aliposema hivyo. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona macho yake hayakuwa yakicheka.

Na ndivyo alivyokuwa. Mtu wa haki verandani, na ndani ya nyumba neno lake ndilo la kwanza na la mwisho. Alikuwa bahili pia. Chai yake ilikuwa maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali. Mgeni akiongeza sukari kijiko cha pili alimtazama mikono vilevile kama mshtakiwa.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera kuliko yote, na akilianza ulijua mchana umekwisha. Alisema sheria ile ya zamani ilikuwa na dosari kubwa. Mtu akiua, anapelekwa kwa jaji na wazee watatu. Mtu akipora kwa panga, anapelekwa kwa hakimu wa chini, peke yake, na kamba inayomngoja ni ile ile.

"Sasa si ni kama serikali inakuambia, ukitaka wazee, ua kwanza?" alikuwa akiuliza.

Kutoka hapo alijijengea fundisho lake mwenyewe. Kwamba haki ya kusikilizwa na wazee haiwezi kuwa ya muuaji pekee. Kwamba mshtakiwa yeyote akisimama mbele ya hakimu akasema, mimi nataka wazee wangu, hakimu yule hana tena nguvu juu yake, na lazima faili ipande Mahakama Kuu. Na akishaanza kujibu mashtaka, amekwisha, amekubali kuhukumiwa na mtu mmoja. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu aliyefika mwenyewe, akaona. Nani angembishia? Sisi wengine korti tuliijua kwa kupita nje.

Isipokuwa mimi. Mimi kibanda changu kiko Ruiru, hatua chache kutoka kortini. Nachapa viapo, barua, maombi ya dhamana, natoa kopi. Makarani wa korti hunywa chai kwenye benchi langu na huongea. Nilijua vizuri kwamba mambo ya maasesa yalikwisha kabla kompyuta yangu haijanunuliwa, na kwamba hata zamani hayakuwahi kumhusu hakimu wa chini. Nilijua, na kila jioni nilirudi Ngoingwa nikamsikia mzee akifundisha, nikanyamaza. Nilimwona kama mzee mwenye hadithi yake. Hadithi ya mzee inamdhuru nani, nilijiambia.

Na hadithi yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya kesi yake ya tatu. Mwanamume ameshtakiwa kumuua ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa shamba. Asesa aliketi kiti cha katikati siku nyingi akiitazama mikono ya yule mtu. Ilikuwa mikono iliyolala magotini kama ya mtu aliyefiwa, alisema, si ya aliyeua. Siku ya mwisho jaji akawageukia. Mdogo akasimama, akasema hana hatia. Wa pili akasema hana hatia. Asesa akasimama na koti lake, akasema, "Mheshimiwa, mimi naona huyu mtu hana hatia."

Hapo ndipo hadithi ilipoishia. Alichukua kikombe chake, akanywa. Nimeisikia mara nyingi sana, na kila mara iliishia kwenye kikombe. Hatukuuliza zaidi, tulijua mtu yule alikwenda zake nyumbani.

Muriithi alikua akiisikia hadithi hiyo. Mama yake anauza mboga pale kona ya kupandia bodaboda, na Muriithi alipokuwa mdogo alikuwa akikaa kwenye ngazi za veranda ya Asesa wakati wa kesi. Alipokuwa mkubwa alifungua kazi ya kuchomelea vyuma kule Gatongora. Mageti, madirisha, vitanda vya bweni. Kijana mtaratibu, wa maneno machache, lakini mwenye hasira iliyojificha. Mteja mmoja, dereva aliyeitwa Baba Shiro, alikataa geti akisema limepinda. Wakabishana, wakasukumana, na Muriithi akampiga na kipande cha bomba. Mkono wa Baba Shiro ukavunjika.

Polisi walimwachilia kwa bondi, aende kortini Jumatatu. Jumapili alikwenda Ngoingwa, akakaa na Asesa alasiri nzima. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kibandani kwangu, na karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Auntie, nichapie hii haraka. Naingia saa tatu."

Niliisoma. Ilisema yeye hatajibu mashtaka mbele ya hakimu huyu, kwa kuwa hakimu hana uwezo, na anadai kesi yake ipelekwe Mahakama Kuu isikilizwe na wazee watatu. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema Guka, babu yetu Asesa, amemweleza kila kitu, ni haki yake, na akikubali kujibu tu, amejimaliza. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe. Mkono mmoja ulikuwa na alama za cheche za kuchomelea.

Ningeweza kusema. Dakika mbili zingetosha. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu watatu kwenye foleni, na juu ya mlango wangu kuna kibao kinachosema tunachapa, hakisemi tunashauri. Nikachapa. Tena nikamrekebishia kichwa cha barua kikae vizuri, nikaiweka ndani ya bahasha.

Yaliyotokea kortini nilisimuliwa na karani siku hiyohiyo, akicheka mpaka chai ikamwagika. Mashtaka yalisomwa, Muriithi akakataa kujibu, akatoa barua. Hakimu, mama mpole, aliisoma yote. Akamweleza taratibu kwamba wazee hao hawapo tena, na kwamba hata walipokuwepo walikuwa wa kesi za mauaji, Mahakama Kuu. Akamwambia kosa kama hili ni la korti yake, na kudai wazee hakuwezi kulihamisha. Akamwuliza nani alimwandikia. Muriithi akasema ameandika mwenyewe. Akaombwa tena ajibu, amepiga au hakupiga. Akasema yeye atasema mbele ya wazee watatu. Mara ya tatu akasema hivyohivyo. Hakimu akaanza kumtazama kwa namna nyingine, akaamuru apimwe akili kwanza, na akae rumande mpaka ripoti irudi.

Kilichoniuma zaidi karani alikisema mwisho, kama jambo dogo. Baba Shiro alikuwa amekuja na plasta yake, na alikuwa amemwambia mwendesha mashtaka kwamba yeye hataki mambo marefu. Akitibiwa mkono, na kijana akiomba msamaha, ataiondoa kesi. Walikuwa wanangoja tu mashtaka yasomwe. Jambo lingeisha saa nne na nusu.

Ripoti ya daktari haikurudi wiki mbili wala mwezi. Daktari alikuwa likizo, halafu faili ilikuwa hospitali nyingine, halafu siku ya kutajwa kesi gari la rumande liliharibika. Ilipofika ikisema Muriithi ni mzima kabisa, mkono wa Baba Shiro ulikuwa umeunga vibaya. Hakuweza tena kushika usukani, na kazi ya udereva ilikuwa imekwenda. Sasa hakutaka kusikia neno msamaha, na mimi simlaumu. Kesi ikasikilizwa na hakimu yule yule, peke yake, na Muriithi akafungwa miaka minne.

Hakutaja jina la Asesa popote, wala langu.

Wiki ya hukumu nilipita nje ya nyumba ya Asesa, nikaona viti vitatu vimepachikwa kimoja ndani ya kingine na kusukumwa ukutani. Jogoo na mbuzi wa mtaa waliendelea na mambo yao, lakini kesi zao hazikusikilizwa tena. Mtu akienda aliambiwa mzee amelala. Mzee Juma alinisimamisha njiani kuniuliza rafiki yake ana ugonjwa gani, nikamwambia sijui.

Ila kila siku, mchana, Asesa alivaa koti akatembea mpaka kona ya boda, akanunua sukuma kwa mamake Muriithi. Mtu mwenye shamba la sukuma nyuma ya nyumba. Alisimama pale, akachagua fungu, akalipa, akasimama tena kidogo, akaondoka. Mkewe alinilalamikia kwamba jikoni hamna pa kukanyaga, na ng'ombe wa jirani wamenenepa kwa mboga za kununua. Yule mama alidhani mzee anamsaidia kwa huruma. Aliniambia, huyu Guka ana roho nzuri, tangu kijana wangu aingie ndani hajaniacha. Nilitazama nyanya zake, nikasema ndiyo.

Mara ya mwisho ya maana niliyokaa naye ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, kibandani kwangu Ruiru. Nilinyanyua macho, nikamwona mlangoni na fimbo, mguu mmoja ukiburutika. Alikuwa amekuja peke yake kutoka Ngoingwa, na miezi michache baadaye tulimzika. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikampa chai yenye maziwa. Hakuigusa.

Alitaka nimchapie barua kwa korti, ya kuomba Muriithi apunguziwe kifungo. Alitamka polepole, nami nikachapa. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kijana kukataa hakimu. Kwamba kijana hakuwa na kiburi wala wazimu, alikuwa akimtii mzee. Nilipofika hapo nilimwuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, swali ambalo lilipaswa kuulizwa zamani.

"Guka, yule mtu wa shamba. Mliposema hana hatia, jaji alifanyaje?"

Alitazama mikono yake mwenyewe.

"Alituandika," akasema. "Akatushukuru sana. Akamhukumu kunyongwa."

Akaiegemeza fimbo yake kwenye meza.

"Haikuwa lazima atusikilize. Walituambia siku ya kwanza kabisa. Yenu ni maoni tu."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua." Alisogeza kikombe, akakirudisha palepale. "Lakini Mama Ciku, mimi sijawahi kuulizwa kitu na serikali tangu nizaliwe. Naambiwa tu. Lipa hii, hama hapa, panga laini. Siku hiyo mtu mkubwa aligeuka akaniuliza, mzee, wewe unaonaje? Nikashika hiyo. Hiyo ingine nikaiacha."

Nilikuwa na hasira naye, hasira kweli, na chini ya hasira hiyo nilikuwa namwelewa, na kumwelewa huko ndiko kulikoniuma zaidi. Nilitoa barua kwenye mashine. Akaisoma mstari kwa mstari, akatia sahihi kwa kalamu yangu, kisha akaiweka mezani katikati yetu, hakuikunja.

"Wewe ndio mdogo," akasema. "Unaonaje?"

Nikamwambia, "Naona tuna hatia, Guka. Sisi wawili. Ile barua ya kwanza mimi ndiye niliichapa, na nilijua."

Akaitikia kwa kichwa polepole, bila kushangaa.

"Na mimi naona hivyo." Kisha akasema, "Lazima awepo wa tatu."

Nilifunga kibanda. Tulipeleka barua kortini, karani akaigonga mhuri bila kuisoma, akasema itaingia kwenye faili. Mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyeifungua. Kutoka hapo tulirudi Ngoingwa pamoja, nikimshika mkono, mpaka kona ya boda. Mamake Muriithi alimwona, akaanza kumchagulia fungu la sukuma kama kawaida.

Asesa alivua kofia. Akamwambia yote akiwa amesimama. Kwamba ni yeye aliyemwambia kijana asijibu, kwamba wazee wale hawakuwepo, na kwamba hata walipokuwepo hawakuwa na nguvu, na yeye alijua. Mimi nikasema la kwangu, la bahasha. Mama yule aliendelea kuzipanga nyanya, kubwa chini, ndogo juu, mpaka fungu likakamilika.

"Mama Muriithi," Asesa akamwuliza, "wewe unaonaje?"

Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akajifuta mikono kwenye leso.

"Mimi?" akasema. "Mimi sijui mambo ya korti. Mimi naona imebaki miaka miwili na miezi mitatu."

Kisha akalitia fungu la sukuma kwenye mfuko, akampa, na safari hii alikataa pesa yake.